Mwandishi Asikatae Kuandika

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, imeteremshwa kwa ajili ya deni na namna ya kuliandika. Inawaamrisha walioamini, wanapokopeshana kwa muda maalumu, waandike na waweke mashahidi, na wasichoke kuandika deni likiwa dogo au kubwa. Katikati ya maagizo hayo inamgeukia yule anayejua kuandika na kumkataza asikatae, kwa kuwa ujuzi huo amefundishwa na Allah. Wiki hii naomba tukae na katazo hilo. Tunapozungumzia watu wasiojua kusoma na kuandika, lawama huwa tunawatupia wao, ilhali aya inamdai mwenye kalamu.

Tazameni pia jinsi aya inavyomlinda mnyonge. Anayepewa nafasi ya kutamka maneno ya kuandikwa ni mwenye kudaiwa, kwa maana yeye ndiye atakayeumia tarakimu ikiongezwa. Na akiwa hana uwezo wa kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Mkataba wenye kumridhisha Allah haumfungi mtu kwa maneno ambayo hakuyaelewa.

Sasa twendeni nayo Ngamiani, hapa hapa Tanga. Wengi wetu tunaifahamu mikopo ambayo kinamama wameibatiza jina la kausha damu. Mama mmoja mjane, muuza vitumbua, aliniletea karatasi yake baada ya marejesho kumwelemea. Zilikuwa kurasa tatu za herufi ndogo, na chini ya kila ukurasa ipo alama ya kidole gumba, wino wa buluu umevuka mstari. Mkopeshaji alimweleza kwa mdomo kiasi cha kurejesha kila wiki, basi. Ukurasa wa pili ulikuwa na mambo ambayo hakuwahi kuyasikia: faini ya kila siku ya kuchelewa, kisha orodha ya dhamana, yaani kitanda, godoro, jiko la gesi na cherehani ya marehemu mumewe. Nilipofika kwenye cherehani aliniomba nirudie kusoma, nikarudia. Mama huyu si mjinga hata kidogo. Hesabu ya mchele, nazi na mafuta anaipiga kichwani bila kukosea, na Juzuu Amma ameihifadhi yote tangu utotoni. Kilichomponza ni kwamba siku alipoweka kidole, ndani ya chumba kile walikuwemo wenye kusoma, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa ni wajibu wake kumsomea.

Madhara ya namna hii tunayaona kila siku, ila kwa kuwa yanampata mmoja mmoja hatuyahesabu. Mgonjwa anarudi nyumbani na kibahasha cha dawa kilichoandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, akameza tatu kwa mkupuo. Mzee anampa wakala simu pamoja na namba ya siri ili amtolee fedha. Shamba la minazi linauzwa kwa hati ambayo mwenyewe hakuisoma, na mipaka iliyomo ndani yake siyo aliyoionyesha kwa mkono. Mzazi anatazama daftari la mwanawe asijue kama alama nyekundu ni za kupata au za kukosa, na anakuja kugundua kuwa mtoto hajui kusoma akiwa amekwisha kumaliza darasa la saba. Hapo ujinga wa kusoma unarithiwa, na mrithi hana kosa. Nao mtaa kwa ujumla unapoteza: taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa ubaoni, wachache wanaisoma, na wale ambao wangeuliza maswali wanapita kando yake kwa sababu kwao ni karatasi tu.

Wapo wanaosema kwamba Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, hakuwa akisoma wala kuandika, kwa hiyo jambo hili lisikuzwe. Ni kweli kwamba Qur'ani inamtaja kuwa Mtume asiyesoma, katika Suratul Aaraf aya ya 157, na hilo linatosha kutukataza tusimdharau mtu yeyote kwa sababu hajui herufi. Lakini ni yeye huyo huyo aliyejizungushia waandishi kama Zayd bin Thabit na Ubayy bin Kaab. Na baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa waliachiwa kwa sharti la kila mmoja kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Walikuwa ni washirikina waliotoka kumpiga vita, na bado elimu ya herufi iliyokuwa mikononi mwao akaithamini kiasi cha kuifanya fidia. Nashindwa kuona ni kwa hoja gani umma wake utalala katika jambo hili.

Nchi yetu iliwahi kulifanya kwa nguvu zote. Sensa ya 1967 ilikuta takribani theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wakaingia ngumbaru, yaani madarasa ya kisomo cha watu wazima: chini ya miembe, katika majengo ya shule watoto wakishatoka, wakifundishwa na walimu wa kujitolea, baadhi yao vijana waliomaliza tu shule ya msingi. Vitabu vyao vilihusu kilimo, uvuvi na afya, yaani kazi waliyokuwa nayo mikononi. Kufikia 1986 wasiojua walikuwa wamepungua hadi takribani asilimia 10. Kisha hali ya uchumi ikawa ngumu, madarasa yakapwaya, watoto wengi wakakosa shule, na sensa ya 2012 ikakuta mtu mzima mmoja kati ya watano, na zaidi kidogo, hajui kusoma. Inauma kwamba neno ngumbaru lenyewe limebaki la kebehi, ilhali walioingia madarasa yale walikuwa na ushujaa ambao wengi wetu hatujajaribiwa nao.

Pwani yetu ina fursa ambayo haitumiki. Babu zetu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo waliandikiana barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hadi leo wako kinamama wanaofungua Msahafu na kusoma, lakini tangazo la mtaa likawashinda. Mtu wa namna hiyo tayari anajua kuwa herufi ina sauti na kwamba sauti zikiungana zinafanya neno, kwa hiyo anahitaji kuonyeshwa herufi nyingine tu. Mwalimu atakayemwanzisha kama mtoto mdogo anampotezea muda na anamvunjia heshima.

Misikiti yetu ina nafasi baina ya Maghribi na Isha, na kinamama wanaweza kukutana baada ya Alasiri. Afisa elimu ya watu wazima wa wilaya anaweza kuombwa vitabu na mwongozo, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ipo kwa kazi hii. Wenye kujitolea kufundisha, naomba mjali jambo moja linalosahaulika, nalo ni macho. Mtu wa miaka hamsini anaacha darasa akiamini kichwa chake ni kizito, kumbe herufi zinamchezea kwa kukosa miwani ya kusomea. Anayetafuta sadaka ya kutoa mwezi huu anunue miwani hiyo, na masomo ya kwanza yawe jina la mwanafunzi mwenyewe, kibahasha cha dawa zake, na karatasi ya deni aliyonayo nyumbani.