Kutoka cc 125 hadi 150: injini imeacha kugonga

Imeacha! Jana nimepanda na pikipiki yangu hadi Morningside, juu milimani, kutokea Morogoro mjini, gia ya pili na ya tatu, resi nusu, kwenye makorongo yaleyale yaliyokuwa yananitia hofu, na sikusikia kitu zaidi ya eksozi.

Pikipiki yenyewe ni hii: fremu ya Honda XL, injini ya Honda CG, bloku (sehemu yenye silinda) ya kipenyo cha milimita 56.5 imetoka, ya 62 imeingia. Mwendo wa pistoni ni uleule, 49.5, kwa hiyo cc 124 zimekuwa 149. Mdomo wa krenkesi (kasha la chini la injini) ulikerezwa, silivu mpya, yaani bomba la silinda, ikakaa. Hapo hapakuwa na neno.

Kilichonitesa ni hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Kama ile ya 125 inabana 9 kwa 1, yaani hewa na petroli vinabanwa hadi sehemu moja ya tisa, juu ya pistoni inabaki nafasi ya cc 15.5 hivi. Ifunge kwenye 149 bila kuigusa, unafika 10.6: vinabanwa mno, sehemu inalipuka yenyewe, na huko ndiko kugonga. Tambarare husikii kitu. Anza kupanda injini ikiwa na joto, kaza resi bila kushusha gia: kra-kra-kra, kama kokoto ndani ya kopo. Na kwa kuwa CG ina pushrodi (fito zinazosukuma vali) na kelele zake za kuzaliwa, kila fundi akaniambia, "Hizo tapeti tu, kaka," yaani nafasi za vali. Tapeti gani zinazopiga kelele mlimani tu? Nikafungua plagi nikaitazama juani. Kwenye kaure nyeupe kulikuwa na vidoadoa vya kijivu vinavyong'aa. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni inaliwa!

Nilishauriwa niweke gasketi mbili chini ya bloku. Sikutaka. Nafasi utaipata, lakini unavuruga tapeti na kuongeza pa kuvujia oili. Nikachukua gasketi ya 62, nikailaza kwenye hedi na kuchora mviringo wake. Ukaonekana ukingo wa chemba, shimo la hedi ambamo petroli huwaka, unaoingia ndani ya silinda pande zote. Huo ndio niliousaga, kidogo kidogo, kwa mashine ya mkono. Kupima: hedi imepinduliwa, vali zimefungwa, juu kipande cha plastiki angavu chenye tundu, grisi pembeni, kisha mafuta ya taa kwa sindano ya famasi. Nililenga jumla ya cc 17.6, gasketi ikihesabiwa humo, ili nipate 9.5 kwa 1.

Hiyo sindano ndiyo kifaa bora karakana nzima, nasema bila kusita. Watu wananunua mashine za umeme za kufungulia nati, wanang'oa stadi (bolti za kudumu za injini) za watu, halafu hawana cha kupimia ujazo.

Wiki hii ilikuwa zamu ya sili za shokapu za mbele. Zitasubiri. Hedi ilipokuwa mezani nimeona njia ya eksozi ina kizingiti kinachobana moshi mara tu baada ya vali, na sasa silali. Nimeshapata hedi chakavu ya kujaribia, Jumamosi naanza kuichonga.