Ukienda kununua bao, nenda na kete zako

Maduka ya vinyago ya Mwenge, Dar es Salaam, na yale ya Mji Mkongwe, Unguja, hayakosi mabao. Mengi hayachezeki. Yamechongwa ili mgeni ayapende, ayatie begini, aende nayo: mengine yana bawaba katikati, mengine yana umbo la samaki, na mashimo yake hayana kina hata cha kijiko cha chai. Anayetaka bao la kiswahili la kuteremshwa barazani kila baada ya alasiri hawezi kuchagua kwa macho tu. Tia kete 64 kwenye mfuko, uende nazo dukani.

Kwanza hesabu. Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32. Kila mchezaji ana 16 yake, safu ya ndani na ya nje. Lenye safu mbili ni la mchezo mwingine, hata muuzaji aape vipi. Kisha tafuta nyumba, lile shimo la mraba. Kaa upande mmoja kama unayecheza, hesabu safu yako ya ndani kuanzia kushoto: nyumba ni shimo la tano. Zunguka upande wa pili, hesabu tena kuanzia kushoto kwako: la tano vilevile. Ndiyo maana nyumba mbili hazitazamani. Zinapishana kwa shimo moja, mshazari, pale katikati ya bao. Hapa ndipo mchongaji asiyecheza bao anapoumbuka: anataka kazi yake ipendeze, anazielekezanisha nyumba kama milango ya majirani. Bao lenye mashimo yote ya mviringo halina neno, wachezaji wanajua nyumba ilipo. Lakini lenye mraba mahali pasipo pake liache hapohapo, litakuletea ubishi kila siku.

Sasa toa kete, umwombe muuzaji apange. Kwa kila mchezaji ni 6 ndani ya nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 zinabaki za kunamua, yaani za kuingizwa baoni moja moja kila zamu. Akizipanga bila kusita, muulize bao kalichonga nani, na msikilize vizuri anachojibu. Akibabaika, endelea mwenyewe.

Jaza kete 20 kwenye nyumba, kisha 12 kwenye shimo la kawaida. Zikimwagikia shimo la jirani, kina hakitoshi. Halafu ingiza vidole uzoe zote kwa mkupuo mmoja. Jaribio hili lina maana kuliko yote. Shimo zuri lina tumbo la bakuli, kete zinateleza zenyewe kuja mkononi. Lililotobolewa kwa keekee lina kuta zilizosimama wima na pembe chini, na kete moja hujificha pembeni. Mchezaji anazoa saba akidhani kazoa nane, mtaji, yaani mwendo wa kula kete za mpinzani, unaishia shimo moja kabla ya pale ulipostahili, na anayetazama anasema umeiba. Mdomo wa sentimita 6 au 7 na kina cha 3 hadi 4 vinatosha kwa komwe, zile mbegu za mkomwe zinazotumika kama kete. Ukijumlisha na kingo za sentimita moja kati ya shimo na shimo, bao linafika urefu wa sentimita 60 na kitu. La sentimita 40 ni la mikono ya watoto. Kingo nyembamba kuliko nusu sentimita nazo zitamegeka, hasa kwa wale wanaopigapiga kete wakila.

Kwenye mti, chagua bao la gogo moja: mvule, mninga au mkongo. Mwembe bei yake ni nafuu, ila hubunguliwa upesi. Ligeuze, likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mlaini na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, wadudu wameshahamia. Ukiambiwa ni mpingo, cheka kidogo. Mpingo hukua polepole na gogo lake jembamba na lililopindapinda halitoi kirahisi ubao wa upana wa sentimita 30. Weusi huo mara nyingi ni rangi ya viatu; kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo kitakuonyesha.

Tatizo kubwa zaidi ni mti mbichi. Maji hutoka haraka kupitia ncha za ubao kuliko ubavuni, kwa hiyo nyufa huanzia mwisho wa bao na kukimbilia shimo la kwanza. Chunguza ncha zote mbili, maana ufa hupenda kuzibwa kwa gundi na unga wa mbao. Kisha lilaze kwenye sakafu ya saruji, ubonyeze pembe zinazokabiliana. Likicheza, limeanza kupinda, na nyumbani litaendelea. Wanaolipeleka Ulaya wawe waangalifu zaidi: hewa kavu ya nyumba zinazowashwa hita majira ya baridi hulipasua bao ambalo hapa pwani lingedumu miaka.

Vanishi ndani ya mashimo ni hasara. Jasho la mkono huilainisha, kete zinanata, kisha inabanduka vipande vipande. Afadhali msasa mlaini na mafuta ya kitani yaliyoachwa yakauke.

Kete za gololi zinazouzwa pamoja na bao waachie wao. Nzito, zina kelele, zinaruka. Komwe ni nyepesi, nyororo, na mkono huzihesabu bila jicho kusaidia. Ukiziokota mwenyewe kwenye vichaka vya mkomwe vya ufukweni, jihadhari na miiba ya maganda, na chagua zinazolingana. Ongeza tano au sita za akiba.

Ukikosa dukani, nenda kwenye baraza la wacheza bao, angalia bao lililong'arishwa na mikono, uulize fundi wake. Ukiagiza kwake, mpe advansi nusu tu, mpelekee kete za kujaribia, na nyumba zote mbili ziwekee alama ya mkaa mwenyewe kabla patasi haijagusa ubao.