Siku ya shanga ya mwisho

Saa 12 na robo alfajiri

Mwezi wa sita Moshi ni baridi, na ukitaka kumwona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inabidi umwahi kabla mawingu hayajamfunika. Leo nilimwahi. Nilisimama mlangoni kwangu hapa Pasua, chai ya tangawizi mkononi, lakini akili ilikuwa imeshatangulia kituoni, kwenye kamba ya shanga iliyotundikwa kando ya mlango wa darasa. Jana tulipofunga ilikuwa imebaki shanga moja.

Mimi ni msaidizi wa mazoezi tiba. Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye kituo kidogo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu, wengi wao wenye mtindio wa ubongo. Leo mwenzangu, mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyetoka Uholanzi kuja kujitolea, alikuwa anamaliza miezi yake 10. Watoto wanamwita Anti Mito, kwa sababu wiki zake za kwanza alizimaliza akikata sponji na kushona mito ya kukalia. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Saa 1 asubuhi

Alikuwa ameshafika. Nilimkuta jikoni na mpishi wetu, uji wa ulezi unachemka. Uji wetu ni mzito kuliko wa nyumbani, na kuna sababu. Mtoto ambaye ulimi na koo havimtii, uji mwepesi unamkimbilia kabla hajajiandaa kumeza, unaingia njia ya hewa, na mwisho wake ni homa ya mapafu. Akina mama wengi hufika kwetu wakiwa wanawalisha watoto wamelala mapajani, shingo imerudi nyuma, kama anavyonyonyeshwa mtoto mchanga. Hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo. Sisi tunamketisha mtoto wima, kidevu kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo, na anayelisha anakaa chini usawa wa macho yake, maana ukisimama mtoto atainua kichwa kukutazama na koo litafunguka vibaya. Halafu unasubiri ameze. Kikombe kimoja kinaweza kuchukua dakika 40.

Leo Anti Mito hakulisha mtoto yeyote. Alikaa kwenye kigoda pembeni, mikono mapajani. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwezi uliopita: kila wiki aache kitu kimoja. Kwanza aliacha kulisha, kisha akaacha mazoezi, kisha akaacha kuzungumza na wazazi, akawa anasikiliza nikizungumza mimi. Najua lilimwuma. Mtu mwenye ujuzi akae na mikono yake huku kazi anayoipenda iko mbele yake, si jambo jepesi. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mito yote aliyoshona.

Saa 2 na nusu

Watoto walipoingia, kila mmoja alipita kwanza kuigusa kamba. Hapa inabidi nieleze.

Miaka michache nyuma tulikuwa na kijana mwingine wa kujitolea, mpole, watoto walimpenda kupita kiasi. Ijumaa moja akaondoka kama anavyoondoka siku zote. Alituambia sisi wakubwa kwamba kuwaaga hawezi, atalia. Jumatatu mvulana mmoja mwenye ulemavu wa akili aliketi getini tangu asubuhi. Jumanne vilevile. Alikaa pale karibu mwezi mzima, akiinuka kila bodaboda ilipopunguza mwendo. Sisi tuliobaki ndio tuliomwingiza ndani kila siku, na tulikuwa tunamwambia, “Atakuja.” Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo, na mpaka leo nalijutia.

Kwa hiyo Anti Mito alipofika nilimsimulia habari ya mvulana wa getini kabla hata sijamwonyesha choo kiko wapi. Aliandika kwenye daftari lake. Zilipobaki wiki tatu, tukatunga shanga 15, moja kwa kila siku ya kazi, na kila asubuhi mtoto mmoja anavua moja na kuitia kwenye kopo. Mtoto asiyejua kalenda, ukimwambia “wiki tatu” umemwambia upepo. Kamba inayopungua anaiona, anaishika, anakuja kesho yake na kukuta imepungua kweli. Yule mvulana wa getini, sasa ni kijana mrefu kunizidi, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kopo.

Shanga ya mwisho tulisema itavuliwa jioni.

Saa 3 na nusu

Safari ya mwisho ya kutembelea nyumba ilikuwa Uru. Tulipanda Noah, tukashuka njiani, tukamalizia na bodaboda kwenye kijia cha katikati ya migomba, nimekumbatia mfuko wa vifaa.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni.”

Bibi analea mjukuu wa miaka 7. Mama yake mtoto anafanya kazi Dar es Salaam. Mpaka mwaka jana bibi alikuwa anambeba mgongoni kwenda naye shambani, kwenye mbuzi, kila mahali, na ukimbeba mtoto wa umri huo ambaye anajikaza mwili mzima, ni kama kubeba gogo la mti linalokusukuma. Kiti anachokalia sasa tulikitengeneza kwa makatoni. Tuliyaokota kwenye maduka ya jumla pale Mbuyuni, tukayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, tukakandamiza kwa mawe, tukakausha, tukamalizia kwa magazeti na rangi ya mafuta ili maji yasipenye. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe. Kikikauka sawasawa, mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Shida ni kukauka: kile tulikitengeneza wakati wa masika, na kwa wiki tano kilikuwa kinahama kati ya jua la nusu saa na joto la jiko la bibi.

Majirani bibi aliwaambia ni kiti cha Ulaya.

Mtoto amerefuka, mapaja yamezidi kiti. Nilipima mwenyewe: kutoka makalio yanapogusa egemeo mpaka nyuma ya goti, ukitoa upana wa vidole viwili, ili ukingo wa kiti usikate damu. Mkanda upite nyongani, usipite tumboni, kwa sababu mkanda wa tumboni unamwacha ateleze mpaka umkabe kifua. Nyayo zipate pa kukanyaga. Anti Mito aliketi kwenye benchi, kimya.

Ndipo bibi akamuuliza yeye, “Sasa mwanangu, ukienda huyu mtoto nani atamwangalia?”

“Huyu hapa, bibi. Mimi kumshika mjukuu wako nilifundishwa na yeye.”

Bibi akanigeukia. “Si ndiye anayekuletaga?”

“Nilikuwa nakuja kabla yake, bibi,” nikamwambia. “Mwaka ule ulinipa maparachichi, mvua ikaninyeshea nikalala hapa kwako.”

Akakumbuka. Alishika mdomo, akasema, “Yesu wangu.” Sikumlaumu, na simlaumu sasa. Kwa miaka mingi wazazi wa huku wameona msaada ukija na mgeni mbele na mwenyeji nyuma amebeba mfuko. Mwenye mfuko anaonekana ni mbeba mfuko. Nimewahi kufika nyumba fulani peke yangu nikaulizwa “mzungu yuko wapi” kabla sijapewa hata kiti. Inauma, lakini madhara yake makubwa ni kwa mtoto, maana mgeni akiondoka mama anadhani tiba imeondoka, anaacha mazoezi, na miezi sita baadaye mguu uliokuwa unanyooka umekunjika tena.

Nilimwomba bibi amketishe mjukuu yeye mwenyewe. Akavuta nyonga nyuma kwanza, kisha mkanda, kisha miguu, bila kumtazama yeyote kati yetu. Akaponda ndizi, akaketi chini mbele yake, akamlisha polepole. Kati ya kijiko na kijiko akaniambia, “Mkanda unalegea hapa, toboa tundu jingine.” Nikapasha msumari jikoni nikatoboa.

Ukutani, pembeni ya kalenda, kulikuwa na namba ya simu ya Anti Mito kwa chaki. Niliandika yangu chini yake, kubwa. Bibi akauliza kama ile ya juu aifute.

“Ifute, bibi,” alisema Anti Mito. Bibi akaifuta kwa pindo la khanga. Tuliondoka na mkungu wa ndizi.

Saa 7 mchana

Makande, kisha majalada. Kila mtoto ana jalada lake: anakaaje, analishwaje, kifaa gani, mara ya mwisho kupimwa lini. Mwanzoni Anti Mito aliyaandika yote kwa Kiingereza. Nilimwambia yatakaa kabatini yaote vumbi, maana dada walezi wawili ndio wanaoshika watoto siku nzima, na kusoma Kiingereza cha kitabibu si kazi yao. Tukayaandika upya jioni baada ya jioni. Kazi haikuwa kutafuta maneno ya kamusi. Mama hasemi misuli imekakamaa, anasema “anakaza”. Anasema “shingo haijashika”, anasema “anadenda”. Tukayaandika hayo hayo. Neno tulilojadili sana ni degedege, kwa sababu wengi wanaliita hivyo hata pale ambapo ni kifafa kinachohitaji dawa kila siku bila kukosa, na mtoto wa kifafa akitibiwa kama wa degedege anacheleweshwa miaka. Hilo tuliliandika kwa wino mwekundu.

Leo nilisaini kupokea majalada 34.

Saa 9 alasiri

Kwa fundi, haraka. Fundi wetu alisomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichoanzishwa mwaka 1981 pale hospitali ya KCMC. Kuna viti mwendo viwili vya msaada pale karakana, vizuri kwa kuvitazama, vina vigurudumu vya mbele vyembamba vilivyotengenezwa kwa sakafu ya hospitali. Kwenye udongo wa huku vinazama, na tairi likipasuka halipatikani Moshi nzima. Fundi anavibadilisha vichukue tairi za baiskeli, zinazouzwa kila duka.

Pembeni yake, vijana wenye ulemavu wa viungo wanashona mito. Kazi ya Anti Mito imekuwa yao tangu mwezi wa tatu. Mmoja wao aliumia uti wa mgongo na hana hisia kuanzia kiunoni, kwa hiyo anajua kuliko sisi wote mto mbaya unafanya nini: kidonda usichokisikia kinachimba mpaka mfupani. Anajiinua kwa mikono kila nusu saa, hata akiwa katikati ya mshono. Wamesajili kikundi wanaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu katika asilimia 10 ya mapato ya ndani. Anti Mito alitaka kuwachangishia cherehani kwa marafiki zake kwao. Walimshukuru, wakasema wanataka mkopo, walipe, wachukue mwingine.

Saa 10 jioni

Akina mama walikuwa wameshafika na soda na mandazi. Walimfunga kitenge kiunoni, mmoja akapiga vigelegele, watoto wenye sauti wakaitikia kwa sauti zao.

Anti Mito alikaa chini kwenye mkeka ili kila mtoto amwone. Akasema kwa Kiswahili alichokifanyia mazoezi na mimi: leo ni siku yangu ya mwisho. Nakwenda nyumbani, mbali, kwa ndege. Jumatatu sitakuja. Jumanne sitakuja. Mama mmoja akadakia, “Waambie utarudi!” Akatikisa kichwa. Nilimwona koo linapanda na kushuka. Akasema, “Sijui, mama, kwa hiyo siwezi kuwaahidi.”

Kukawa kimya. Msichana wetu mmoja asiyeweza kuongea ana ubao wa picha. Aliburuza mkono, akapiga picha ya nyumba, kisha uso unaolia. Akarudia. Anti Mito akamwambia, “Ndiyo. Hata mimi,” na hapo akalia mbele yao, na hakuna mtoto aliyeogopa.

Kijana wa getini akaivua shanga ya mwisho. Aliishika muda mrefu. Kisha akaitia kwenye kopo, akafunga kifuniko, akaja kunikabidhi mimi.

Saa 2 usiku

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa KIA lilimchukua saa 12. Tulikumbatiana pale nje, hatukusema mengi, tulikuwa tumeshayasema kwa miezi 10. Nilifunga madirisha, nikapanda daladala, nikafika nyumbani nikakaa gizani kidogo bila kuwasha taa.

Simu ikaita mara moja ikakatika. Namba ngeni. Ikaita tena, ikakatika. Nikapiga.

“Ni mimi wa Uru,” bibi akasema, anapaza sauti kama niko ng'ambo ya bonde. “Amekula ameketi, amemaliza bakuli. Lakini mguu wa kushoto unateleza kwenye kile kibao.”

“Unateleza ndani au nje, bibi?”

“Nje.”

“Kunja khanga, iweke pembeni ya goti kwa nje, imzuie. Usifunge kamba. Jumatatu saa 4 nitakuwa hapo na kibao kingine.”

“Haya. Njoo mapema, nitapika mtori.”