Ile picha ya mikono ni ya nani?

Nina miaka 14 katika kazi ya kupiga picha, na jambo moja sijawahi kulilegezea kamba: jina. Picha yangu ikitumika bila jina langu, naandika barua siku hiyohiyo. Nilipokuwa nachipukia nilivutiwa sana na habari za Robert Capa, Henri Cartier-Bresson na wenzao walioanzisha Magnum, ushirika wa wapiga picha, mwaka 1947, ili mpiga picha abaki na haki za kazi yake badala ya kuliachia gazeti lililomtuma. Ndiyo maana lililotokea kati yangu na msaidizi wangu liliniuma sana.

Tulikuwa tunampiga picha mama mmoja, fundi cherehani. Nilimwekea kiti ubavuni mwa dirisha, nikatandika shuka jeupe sakafuni ili mwanga urudi juu na kupunguza kivuli cha kidevu, nikafunga lenzi ya milimita 85, nikaweka kamera kwenye stendi. Kisha nikamwachia kijana kamera, nami nikakaa karibu na mama tukapiga soga. Mtu akinogewa na mazungumzo husahau kamera.

Katika picha zaidi ya 200, moja ilizipita zote: mikono. Kidole cha kati kimevaa kastabini iliyobonyea, uzi umevutwa ukanyooka, na kwenye ncha ya sindano kuna nukta moja ya mwanga. Uso haumo. Niliichapa kubwa, nikaitundika kwenye maonyesho, chini yake jina langu.

Kijana akaja kuiona. Alisimama mbele yake kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, wewe ulinipangia uso. Mikono niliitafuta mimi."

Nilikasirika. Mwanga niliupanga mimi, kiti mimi, lenzi mimi. Yeye kabonyeza kitufe tu! Tena nilikuwa na hoja mkononi. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba picha ya mwandishi Oscar Wilde iliyotoka studio ya Napoleon Sarony ilikuwa na mtunzi, naye ni Sarony, kwa kuwa ndiye aliyempanga mkao, akachagua mavazi na mapambo, akapanga mwanga na kivuli. Nikaona kesi imekwisha.

Usiku nikafungua faili zote kwa mfuatano. Ndani ya kila moja limo jina langu, maana kamera nilikwisha kuielekeza iandike hivyo. Uso, uso, uso, fremu haijasogea hata kidogo. Halafu inashuka. Ya kwanza ni ovyo, imekata kidevu. Ya pili imekaribia. Ya tatu kastabini iko katikati, lakini sindano imejificha. Inayofuata ndiyo ile. Lile shuka nililolitandika kwa ajili ya kidevu lilikuwa linaimulika mikono vizuri kuliko uso, na aliyeliona hilo ni yeye. Mimi nilikuwa pale pale, nisione.

Asubuhi nikampigia simu nimuulize kwa nini alishusha kamera.

"Mama alisema uso wake hauna jipya, tuangalie mikono. Wewe ulikuwa unacheka naye, dada."

Kweli alisema. Nilidhani ni haya tu ya mtu aliye mbele ya kamera.

Tulibadilisha maandishi ya chini ya picha. Jina la mama, ambalo sikuwa nimeliweka popote, tulimwomba ruhusa tukalitanguliza. Kisha yakafuata majina ya wapiga picha wawili. Nakala zikiuzwa, sisi watatu tunagawana sawa, na tumeliandika hilo na kutia saini. Nikimwachia kijana kamera siku hizi, kwanza naingia kwenye menyu na kuongeza jina lake kando ya langu. Ni kazi ya sekunde chache, na sijui kwa nini nilichelewa hivyo kuifanya.

Si kwamba mabishano yamekwisha. Nikipanga kila kitu naye akabonyeza bila kusogeza chochote, picha naihesabu kuwa yangu, naye anakubali. Tatizo ni zile za katikati. Mara mbili tumevutana tena, na mara zote mbili tumekaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, tukazipitia faili moja moja kuona fremu ilianza kusogea wapi.