Swali la Fundi wa Brashi

Juma lililopita nilisafiri kutoka Segera kwenda Tanga, na tulipokaribia Muheza upepo ukaingiza ndani ya basi ile harufu kali ya mabaki mabichi ya mkonge. Abiria aliyeketi mbele yangu alifunga dirisha upesi. Mimi nilitamani aliache wazi, kwa maana harufu ile ilikuwa imekwisha kunifikisha kwenye banda la brashi, ambamo singa, yaani nyuzi kavu za mkonge, husuguliwa kwa mashine, siku tulipofundishwa huduma ya kwanza.

Mafunzo yenyewe yalikuja kwa kuchelewa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003, nayo inamtaka mwajiri aandae huduma ya kwanza kwa wafanyakazi wake. Sisi tulikuwa na sanduku moja tu, lililofungiwa kwa kufuli ndani ya ofisi ya meneja, na wa zamu ya usiku walipoingia kazini ofisi hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, ni mahali pa hatari. Majani ya mkonge hupondwa na kuparuzwa na magurudumu yenye visu butu, maji hutiririka sakafuni mchana kutwa, mota za umeme hunguruma hatua chache kutoka kwenye maji hayo, na upande wa brashi singa kavu huweza kunasa kidole cha mtu na kukivuta ndani kabla hajapiga kelele.

Mkufunzi alikuwa binti mmoja wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, mpole wa sauti lakini asiyeyumba katika maneno yake. Tulimsikiliza tukiwa tumeketi juu ya marobota. Asubuhi alitufundisha kuzuia damu kwa kulikandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kulifunua kila mara ili kulitazama. Akatufundisha kwamba aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Na kwamba aliyeanguka kifafa asitiwe kijiko mdomoni. Hayo yote tuliyapokea kwa utulivu, tukiulizana na kusahihishana, mpaka tulipofika kwenye umeme.

Alisema aliyepigwa shoti asiguswe kabla swichi kuu haijazimwa. Kisha aangaliwe kama anapumua, kwa muda usiozidi sekunde 10, na kama hapumui alazwe chali mahali pagumu, kifua chake kibonyezwe katikati kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mibonyezo 30 apuliziwe pumzi 2. Alieleza kwamba ubongo usiofikiwa na damu huanza kudhurika ndani ya dakika chache tu, ndiyo maana msaada haungoji gari. Halafu akaongeza: "Wala msimfukie mchangani. Mchanga hauvuti umeme kutoka kwa mtu, kwa sababu umeme haubaki mwilini. Mtamnyima nafasi ya kupumua bure."

Hapo ndipo fundi wa brashi aliposimama. Sote tulimwita Mzee, na wengi wetu tulijua atakalosema. Miaka mingi kabla ya siku ile kijana aliyekuwa msaidizi wake alipigwa shoti kwenye mota, na Mzee ndiye aliyewaongoza wenzake kuchimba shimo na kumfukia hadi shingoni, huku wakingoja pikapu itoke shambani.

"Binti yangu," alisema, "kama siku ile ningeyajua haya, yule kijana angekuwa hai?"

Alimsimulia habari yote, wala hakuficha sehemu yake. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu: "Baba, sikuwepo, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba angepona. Umeme unaweza kuuvuruga moyo kiasi kwamba haurudi bila mashine ya hospitali. Lakini pengine huzuia pumzi tu, na hapo pumzi za mwenzake zinaweza kumrudisha. Ninyi mlimfanyia lile mliloliamini." Akamwomba aje mbele, apige magoti kando ya sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi.

Mzee alivua kofia yake. Aliweka kiganja katikati ya kile kifua cha mpira, akakiwekea kiganja cha pili juu yake, akanyoosha mikono kama alivyoelekezwa, akaanza kubonyeza huku akihesabu kwa sauti ya chini kwa Kiha, lugha ya baba yake, aliyeletwa kutoka Kigoma enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani. Sanamu ilitoa mlio mdogo kila kina kilipotimia, na mlio ule haukukosa hata mara moja. Alipofika 30 alipuliza pumzi 2, akarudi kifuani. Binti alimkumbusha kwamba baada ya dakika mbili apishane na mwenzake, hakuitika. Jasho lilimtiririka puani na kudondoka juu ya sanamu, magoti yakisuguana na saruji, naye akaendelea kuhesabu. Ndipo kijana mmoja wa zamu ya usiku alipojongea, akapiga magoti upande wa pili, akaweka mikono yake tayari na kungoja, vile vile tulivyofundishwa. Mzee alimaliza hesabu yake, akaondoa mikono, na kijana akapokea bila kupoteza pigo.

Baada ya siku hiyo tulidai sanduku litundikwe ukutani bandani bila kufuli, nalo likatundikwa. Mzee naye, mpaka alipostaafu, alimpeleka kila kijana mgeni kwenye swichi kuu na kumwamuru aizime mashine ikiwa inazunguka, kabla hajamruhusu kugusa singa. Meneja alilalamika juu ya kazi kusimama, Mzee hakuacha.

Wenzetu wengine walimlaumu binti yule, wakisema alipaswa kumwambia mzee wa watu kwamba siku ya kijana ilikuwa imefika, basi. Mimi nilimtetea, na bado ninaona kwamba mtu aliyeuliza mbele za watu alistahili jibu la kweli. Lakini Mzee aliwahi kuniambia, tukiwa wawili tu, kwamba kwa miaka yote alikuwa ameikubali kazi ya Mungu, na sasa ana hesabu nyingine ambayo hajui amlipe nani. Laiti ningekuwa mimi niliyeulizwa siku ile, nadhani ningemwambia kwamba kijana asingepona kwa vyovyote, wala sina hakika kwamba ningekuwa nimekosea.