Mkungu ulionadiwa mara tatu

Jumapili usiku, Tukuyu. Mvua imeshika tangu saa nane mchana na umeme umekatika. Naandika kwenye simu kabla chaji haijaniishia.

Leo baada ya ibada tulikuwa na mnada kama kawaida. Kwetu asiye na fedha ya sadaka huleta alichovuna: mayai matatu, kisado cha maharage, parachichi, jogoo. Mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa, kisha mnunuzi akasema, "Urudisheni, uuzwe tena." Wa pili naye akaurudisha. Mara ya tatu ukachukuliwa na kijana wa bodaboda, akaufunga kwenye pikipiki yake na kuondoka nao, kanzu za kwaya zikimpigia makofi. Fedha yote imeingia mfuko wa diakonia, ule wa kuwasaidia wahitaji, kwa ajili ya binti anayeanza kidato cha kwanza wiki hii.

Huwa naulizwa, kwani elimu si bure? Ada iliondolewa kweli. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada, na mwaka 2022 ikaondolewa hadi cha sita. Silichukulii jambo hilo kuwa dogo, maana najua ile elfu ishirini kwa mwaka ya shule ya kutwa ilivyomnyima bibi yangu usingizi. Lakini fomu ya kujiunga bado ina ukurasa mzima: sare, sweta, viatu vyeusi, kaunta buku, rimu ya karatasi, jembe, fagio. Bibi anayeishi kwa kuchuma chai akiusoma ukurasa ule hunyamaza. Na katika ukimya huo ndipo hutokea mtu kutoka mjini anayetafuta dada wa kazi. Mabinti wangapi wa nyanda zetu hizi wameishia jikoni kwa watu Dar es Salaam kwa sababu ya jozi ya viatu!

Mimi nilisaidiwa hivyohivyo mwaka 2007, katika usharika mwingine. Tuliitwa mbele watoto sita, mimi nikiwa na kandambili. Tukasomewa mmoja mmoja: huyu hana baba, huyu mama yake aliugua muda mrefu akafariki. Tukapigwa picha. Nilivaa sare ile hadi kidato cha tatu, na waliotoa nawaombea mpaka leo. Ila shuleni jina langu likawa "wa msaada". Nikawa napita njia ya mtoni, ndefu na yenye utelezi, nisiongozane na wenzangu.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kamati niliomba binti huyu asiitwe mbele. Mzee mmoja, ninayemheshimu sana, akanipinga. "Mwanangu, mtu ametoa kuku wake wa pekee. Asione amekwenda wapi?" Swali lake ni la haki, sikuwa na jibu la haraka. Tumejadiliana mpaka giza likaingia. Mwishowe tumekubaliana mhazini asome risiti kanisani, kitu kwa kitu na bei yake, jina lisitajwe. Mzee akacheka kidogo akasema basi hata bei ya fagio aisikie.

Jana nilikwenda kwao. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu motoni." Akanimenyea ndizi zilizochomwa, hakutaja shida hata moja. Binti alikuwa amekaa pembeni akisoma kitabu cha darasa la saba kilichokatika jalada. Nilipomuuliza namba ya kiatu hakuijua. Bibi akatoka nje, akachana uzi kwenye gome la mgomba, akaupima mguuni kuanzia kisigino hadi kidole gumba, akafunga fundo. Kisha akafikiri, akalisogeza fundo mbele kidogo.

"Mguu wa mtoto haungoji," akasema.

Uzi ule nimeuweka katikati ya Biblia, usikunjike. Duka la viatu hufunguliwa saa mbili.