Mstari mmoja wa ziada

Leo siku ya nne, na sauti ya Apo bado iko masikioni. "Huu mstari umetoka wapi?"

Apo mnamjua, bibi yangu wa ghorofa ya tatu, yule aliyenipa blanketi kwenye baridi ya kwanza niliyoikuta hapa Guangzhou. Jumapili ametimiza miaka 88. Nikampelekea kopo la majani ya Usambara, yale ambayo Mama aliyatuma kwa mkono wa Shemeji, na juu ya kopo nikabandika karatasi nyekundu niliyoiandika mwenyewe kwa brashi. Herufi moja tu, kubwa: chai. Nilikaa nayo wiki nzima. Karatasi kumi na mbili nilizichana kabla ya kuipata ile.

Akavaa miwani. Akaisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga. Kidole kikashuka juu ya wino polepole, kikasimama katikati.

"Leng neoi" (mrembo, ndivyo wanavyotuita sote hapa), "huu mstari umetoka wapi?"

"Upi, Apo?"

"Huu. Hii si chai. Hii ni 'tu'. Uchungu."

Mjukuu mmoja akacheka, Apo akamkazia macho. Akanimiminia chai, nikagonga meza kwa vidole viwili kama wanavyoshukuru watu wa huku, nikanywa, nikashuka ngazi uso ukiniwaka.

Wiki hii kontena letu limetoka bandari ya Nansha salama na Idi amemtolea mahari yule binti wa Pangani, alhamdulillahi kwa yote mawili, lakini nikifumba macho naona mstari.

Chai ni 茶, mistari tisa. Ukiongeza mmoja wa kulala pale katikati inakuwa 荼, mistari kumi, na kwa Kimandarini inasomwa 'tu'. Hilo ni jina la mboga chungu ya porini, na herufi hiyohiyo ndiyo inayotumika katika neno la kutesa watu. Yaani mzee wa miaka 88, siku yake ya kuzaliwa, nimempelekea mateso kwenye karatasi nyekundu. Halafu nikamuuliza "Upi?" Kwa nini sikusema samahani? Neno "samahani" nalijua kwa Kimandarini na kwa Kikantoni. "Upi, Apo?" Kama vile mwenye kosa ni yeye.

Jana usiku usingizi ulikataa, nikaamka nikaanza kufuatilia herufi hii imetoka wapi. Nikakuta jambo lililonikalisha kitandani wima. Kamusi ya Xu Shen, msomi wa kale wa Kichina, aliyoimaliza mwaka 100 BK, ina 荼 lakini haina 茶. Haimo kabisa! Kwa karne nyingi waliokunywa majani haya waliyaandika kwa herufi ya uchungu, ileile yangu, kwa sababu hata kinywaji chenyewe ni kichungu. Ni zama za nasaba ya Tang, karne ya 8, ndipo mstari ulipopunguzwa, na Lu Yu alipoandika kitabu chake cha chai, akaitumia hii ya mistari tisa. Hapa ofisini hukufundisha kwamba juu ni majani, katikati mtu, chini mti: mtu kasimama kati ya nyasi na miti. Inapendeza na inakaa kichwani, ila yule mtu hakuwa mtu. Ni mabaki ya kipande cha zamani kilichowekwa kuonyesha sauti.

Na sauti yenyewe! Apo anasema cha akiishusha hadi chini, kama anatua mzigo. Vijana wa Kimandarini wanaipandisha, kama wanauliza. Ukienda pwani ya Fujian ni te, ndiyo Waholanzi waliyoibeba melini kwenda Ulaya. Yetu ilipita nchi kavu, ikafika Uajemi ikaongezwa i, ikaja mpaka kwenye kikombe cha Mama pale Tanga. Nilitamani kumwamsha Apo saa nane ile ya usiku nimwambie kwamba mimi na yeye tunatamka neno moja.

Jioni hii nimepanda na karatasi mpya. Akaivalia miwani tena, akachukua kijiti cha kulia chakula, akaanza kuhesabu juu yake, maana vipande vya herufi vinafanana na tarakimu za Kichina, na nane-kumi-nane ndivyo wanavyoandika 88.

"Hapa juu kumi na kumi. Ngapi?"

"Ishirini."

"Chini hapa nane, kumi, nane. Themanini na nane. Jumla?"

"Mia na nane, Apo."

"Huo ndio umri wa chai. Mwaka huu mimi ni mchele." Herufi ya mchele, 米, ukiivunja nayo inatoa nane, kumi, nane. "Imebaki ishirini nifike chai. Ule mstari wako ungeniharibia hesabu."

Nikasema samahani. Hatimaye. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Ile karatasi ya kwanza hakuitupa, nimeiona chini ya kioo cha meza, karibu na picha ya marehemu mumewe. Kisha akachemsha maji, akafungua kopo, tukanywa majani ya Mama bila sukari. Akakunja uso wote.

"Hii," akasema, "ndiyo 'tu' yenyewe." Akaongeza kikombe cha pili.

Mama amenitumia ujumbe wa sauti mchana, wa dakika mbili, na katikati amekohoa mara tatu. Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu Rajabu. Dada Zuhura anasema ni vumbi la barabara inayotengenezwa. Barabara ilimalizika mwezi uliopita.